ADC ya glioblastoma (saratani kali ya ubongo): usipime uvimbe kwa wastani

Maji yaliyomo ndani ya ubongo hayatulii. Seli zikibanana tu, hukosa pa kupita. MRI ya msambao wa maji hupima mwendo huo, na kipimo chake ni ADC: ikiwa juu, maji yanapita kwa urahisi. Vokseli (kipande kidogo kabisa cha picha) yenye mawimbi ya nguvu 300 kwenye b 0 (picha isiyopima msambao), ikishuka hadi 90 kwenye b 1000 (picha inayoupima kwa nguvu), ADC yake ni 1.2 (mikromita mraba kwa milisekunde). Sehemu nyeupe ya ubongo wenye afya huwa 0.7 hadi 0.8, na maji ya uti wa mgongo karibu 3.

Glioblastoma ikirudi na mgonjwa anasubiri bevasizumabu (dawa inayozuia uvimbe kuota mishipa ya damu), wastani wa uvimbe mzima hudanganya, kwa kuwa seli zilizokufa na majimaji huupandisha. Chora mpaka kwenye sehemu inayong'aa baada ya gadoliniamu (dawa ya kung'arisha picha) peke yake, panga ADC za vokseli zake kwenye histogramu (chati ya idadi ya vokseli kwa kila thamani), kisha tenganisha vilima viwili. Wastani wa kilima cha chini ndio ADC-L. Watafiti wa UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) walionyesha kuwa wenye ADC-L ya zaidi ya takriban 1.2 kabla ya dawa hiyo waliishi muda mrefu kuliko walio chini yake.

Kazi huharibikia mpakani. Mstari ukiingia milimita mbili tu ndani ya shimo la upasuaji, majimaji yanahesabiwa kama uvimbe. Damu nayo huvuruga mawimbi, kwa hiyo linganisha kwanza na picha ya T1 (aina ya picha ya MRI) isiyo na gadoliniamu: kinachong'aa humo tayari, kiondoe. Karibu na sinasi za pua picha za msambao hupinda. Zilinganishe na T2 (aina nyingine ya picha ya MRI) kwa kutumia picha ya b 0, na pasipokaa sawa paache.

ADC ya chini nayo si uvimbe siku zote. Tishu iliyokosa damu baada ya upasuaji hushuka vilevile, ndiyo maana picha ya ndani ya saa 72 ni ya lazima kwa kulinganisha. Baada ya bevasizumabu, eneo lililokufa linaweza kubaki na ADC ya chini kwa miezi mingi bila ugonjwa kuendelea.

Andika pia dozi ya deksamethasoni (dawa ya steroidi) ya siku hiyo, maana hupunguza uvimbe-maji na kugusa ADC. Na tafadhali, familia isitajiwe miezi ya kuishi kutokana na ADC-L: umri, hali ya mgonjwa, IDH na MGMT (alama za kijeni za uvimbe) lazima visomwe pamoja nayo.