Jinsi nilivyoihamishia Linux kompyuta ya kikundi chetu cha Mwaloni

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wauza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na kumbukumbu zote za hisa, mikopo na marejesho ya wanachama wetu 28 zimo katika kompyuta mpakato moja tuliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ina RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 320. Ilifika mahali nikawa naiwasha asubuhi, nakunywa chai hadi namaliza, na bado haijawa tayari. Kilichonitia hofu zaidi, hata hivyo, ni virusi, kwa sababu flashi zetu hupita katika maduka mengi ya stesheneri kwa ajili ya kuchapa, na siku moja flashi ya mhazini ilirudi folda zake zote zikiwa zimegeuka vialama visivyofunguka. Fundi mmoja wa mjini alishauri tufute kila kitu na kuweka upya Windows isiyo na leseni. Sikukubali, maana Microsoft ilikwisha kutangaza kwamba huduma ya Windows 10 ingekoma tarehe 14 Oktoba 2025, mashine yetu haikufikia masharti ya Windows 11, na mimi binafsi sikupenda hesabu za fedha za watu zitunzwe juu ya programu ya wizi.

Mpwa wangu, anayesoma chuo huko Nyegezi, ndiye aliyenitajia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaoweza kuwekwa badala ya Windows. Alinieleza kwamba kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, na kwamba hutumika pamoja na zana nyingi zilizotoka katika mradi wa GNU ulioanzishwa na Richard Stallman. Huitwa programu huria kwa sababu mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma ilivyoandikwa, kuirekebisha na kumgawia mwenzake bila kuvunja sheria. Matoleo yake ni mengi. Tulichagua Linux Mint yenye mwonekano wa Xfce, ambao ni mwepesi. Watengenezaji wake wanataja RAM ya gigabaiti 2 kuwa kiwango cha chini na 4 kuwa ya kutosha kufanya kazi kwa raha, nayo ndiyo tuliyokuwa nayo.

“Lakini mjomba, usifute kitu,” aliniambia. “Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi uione.”

Faili la kupakua lilikaribia gigabaiti 3, kwa hiyo nilinunua bando la usiku. Upakuaji wa kwanza ulikatika katikati kisha ukaendelea wenyewe, na faili lilipokamilika lilionekana zima kabisa. Mpwa wangu alisisitiza tulihakiki. Kila toleo hutangazwa pamoja na mstari wa herufi na tarakimu 64, na kompyuta ikilipigia hesabu faili ulilopakua inapaswa kutoa mstari huohuo. Tuliandika amri ya certutil, inayopiga hesabu hiyo ndani ya Windows, tukaanza kulinganisha mistari miwili, na tangu tarakimu ya kwanza ilitofautiana. Nililipakua upya usiku uliofuata. Lile la kwanza lingeweza kukwama katikati ya usakinishaji, diski ikiwa imekwisha kufutwa, na hilo silisahau.

Baada ya kuliandika faili hilo kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu ya Rufus, nilizima kompyuta, nikaiwasha huku nikibonyeza F12, nikachagua flashi. Katika hali hii mfumo huendeshwa kutoka kwenye flashi na RAM, na diski ya ndani haiguswi mpaka uamuru mwenyewe. Nilichomeka ile flashi ya mhazini. Folda zote zilikuwapo! Kirusi kilikuwa kimeziwekea alama ya kufichwa inayotiiwa na Windows, nayo Linux haikuijali. Kando yake nikaviona vile vialama vya uongo vimejipanga kama vilivyo, mafaili madogo yenye mwisho wa .lnk. Nilivifuta kimoja kimoja, nikamkabidhi mhazini orodha yake ya marejesho ya miezi minne.

Diski ya ndani ilikataa kuandikwa, kwa kuwa Windows ya siku hizi ukiizima huwa haijazimika kabisa. Nilirudi ndani yake, nikaondoa mpangilio wa kuwaka haraka, nikaizima upya, na tatizo likaisha. Kisha nilinakili kumbukumbu zote kwenye diski ya nje na kufungua mafaili kadhaa kwenye kompyuta ya jirani ili kuthibitisha kwamba yanasomeka. Betri yetu ilikuwa imekufa, kwa hiyo nilisubiri siku ambayo umeme ulikuwa umetulia. Usakinishaji wenyewe haukufika nusu saa.

Ulipokwisha, Wi-Fi haikuonekana. Kadi yake ni ya Broadcom, na draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, haikuwekwa pamoja na mfumo. Niliunganisha simu kwa waya wa USB, nikawasha kushiriki intaneti kwa njia hiyo, nikafungua kisimamia draiva cha Mint, nacho kikaitambua kadi na kupakua kilichohitajika.

Daftari letu la mikopo, lililoandikwa kwa Excel, lilifunguka katika LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, na kanuni zake za riba zikatoa majibu yaleyale. Nililinganisha mwanachama mmoja mmoja, wote 28. Kitufe alichokiweka katibu aliyenitangulia, cha kutengeneza risiti, hakikufanya kazi, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na makro ya Excel, yaani programu ndogo iliyoandikwa ndani ya daftari. Ilinichukua jioni tatu kuijenga upya risiti hiyo kwa kanuni za kawaida, na naona ni vizuri nilifanya hivyo, maana sasa mhazini naye anaweza kuisoma na kuona kila namba inatoka wapi.

Sasa kompyuta inawaka katika muda usiofika dakika moja. Kila kabla ya kusasisha mfumo natengeneza nakala ya kurejea kwa programu ya Timeshift, na kila Jumamosi baada ya kikao nahifadhi kumbukumbu kwenye diski ya nje, kwani Timeshift hulinda mfumo na si daftari la wanachama. Skana ya mashine yetu ya kuchapa bado haijakubali, hivyo vitambulisho vya waombaji wa mikopo navipiga picha kwa simu.