Kuivunja Mioyo ya Ndugu

Wapendwa katika Bwana, tunapozungumzia kuvunjika moyo, kwa kawaida tunamwangalia aliyevunjika, tukamwombea na kumtia nguvu, nasi twafanya vema; lakini katika Hesabu 32 Musa anawageukia wale wanaoivunja mioyo ya wenzao.

Wana wa Reubeni na wana wa Gadi walikuwa na mifugo mingi mno, nao walipoiona nchi ya Yazeri na Gileadi kuwa ni nchi ya malisho, waliomba wapewe hiyo iwe milki yao, wasivushwe mto Yordani kuingia nchi ya ahadi, ambayo Israeli walikuwa wakienda kuitwaa kwa vita. Hawakumnung'unikia Mungu, wala hawakumtisha mtu. Ombi lao, kwa kweli, lilikuwa na busara. Hata hivyo Musa aliwauliza kwa ukali: je, ndugu zao waende vitani, nao waketi hapo? Mbona wanaivunja mioyo ya wana wa Israeli?

Musa alikuwa ameshayaona mambo hayo zamani huko Kadesh-barnea, mahali pa jangwani alipowatuma watu kuipeleleza nchi ya ahadi. Wapelelezi hao 12 walirudi baada ya siku 40 na tawi lenye kichala kimoja cha zabibu, wakilichukua watu wawili kwa mti, hata wema wa nchi ukawa mbele ya macho ya wote. Kumi kati yao walieleza habari za miji yenye maboma, nayo ilikuwepo. Kisha wakaongeza kwamba walijiona kama mapanzi, na kwamba wenyeji nao waliwaona hivyo. Ni nani aliyewaambia mawazo ya wenyeji? Usiku ule mkutano wote ukalia, na kizazi kile kikafia jangwani, isipokuwa Kalebu na Yoshua.

Lakini Wareubeni hawakuhitaji kusema neno lolote la hofu, kwa maana kuketi kwao tu kungetosha. Mwamini mwenye nguvu anapojitenga na kazi kimya kimya kwa kuwa haja zake zimekwisha kutimia, wanaobaki huanza kujiuliza kama kazi hiyo inafaa kuendelea, na wanyonge ndio hutangulia kulegea. Naamini jambo hili tunalichukulia kwa wepesi mno.

Makabila yale yalikubali maonyo, yakaahidi kujenga mazizi ya mifugo na miji ya watoto, kisha kwenda na silaha mbele ya ndugu zao, wasirudi hata kila mtu apate urithi wake. Pamoja na nusu ya kabila la Manase, watu wapatao 40,000 walivuka Yordani, na vita vilipotulia Yoshua, aliyeshika nafasi ya Musa, aliwaita, akawashuhudia kwamba siku hizo zote hawakuwaacha ndugu zao, akawabariki na kuwapa ruhusa warudi kwao.