Kibanda chetu cha mlimani na majirani wanaokesha na tanuri

Kila nikiweka picha za kibanda chetu cha mlimani kwenye status, hasa Oktoba majani yakishakuwa mekundu na manjano, inbox inajaa, na swali ni lilelile, "mnakipangisha bei gani kwa usiku?" Hatukipangishi kwa usiku. Nimeona niandike mara moja niachane nayo maana nimechoka kumweleza mmoja mmoja, na pia kuna mambo ya kule ambayo picha haionyeshi.

Kwanza ni wapi. Sisi tunaishi Charlotte, North Carolina, mji mkubwa wa mabenki na foleni. Ukiendesha kwenda magharibi masaa mawili na zaidi unaanza kupanda milima ya Blue Ridge na unafika wilaya mbili zilizopakana, Yancey na Mitchell, miji yake ni Burnsville na Spruce Pine, ukisema miji usifikirie Mbeya, fikiria barabara moja yenye maduka na taa. Hapo pana Mount Mitchell, mita 2,037, mlima mrefu kuliko yote mashariki ya mto Mississippi. Mimi ni mtu wa Tukuyu, Rungwe inakaribia mita 3,000, kwahiyo mlima wenyewe haukunitisha, kilichonimaliza ni ukungu wa asubuhi na ile mvua ya kunyunyiza isiyoisha na baridi ya Julai jioni unatafuta sweta. Na miche ya miti ya Krismasi imepandwa mistari mistari kwenye miteremko kama chai ya Katumba. Nilimwambia mke wangu hapa hapa, akaniambia ngoja tuone choo kwanza.

Kibanda chenyewe ni cha mbao, vyumba viwili, baraza kubwa kuliko sebule, jiko la kuni la chuma, maji ya kisima chenye pampu. Tulinunua kwa kuchangiana na shemeji yangu wa Raleigh, hati ina majina yote. Sitaki kusema mengi kuhusu nyumba maana nyumba za mbao zinafanana: panya wapo, dubu wanapindua pipa la taka usipolifunga, na vile vidudu vyekundu vyenye madoa vikiona baridi inakuja vinahamia ndani kwa mamia. Novemba ukiondoka kwa muda lazima ufunge maji na utoe yaliyobaki kwenye mabomba, usipofanya hivyo yanaganda, bomba linapasuka ndani ya ukuta, na utajua tu siku barafu ikiyeyuka.

Sasa BARABARA. Hii ndo kitu ambacho hakuna dalali atakwambia kwa hiari yake. Barabara za serikali zinaishia chini kwenye bonde, kutoka pale kupanda kwetu ni barabara binafsi ya changarawe, kaya saba zinaitumia, na hamna mtu wa serikali atakayekuja kumwaga hata toroli moja la kokoto. Mnachangishana. Kila masika kuna kikao kwenye baraza la mtu, mmoja anaandika kwenye daftari nani katoa nani bado, mwingine mwenye trekta hatoi hela anatoa kazi, na kalavati likiziba mnatoka na machepeo wote. Nimekaa Marekani miaka mingi nikiwa sijui jina la jirani wa mlango wa pili, kule juu ndani ya msimu mmoja nilikuwa najua nani ana mgongo mbovu, nani anamdai nani, na nani asikae karibu na nani kwenye kikao.

Na kwenye hizo kaya saba, watano ni wasanii. Wafinyanzi wawili, mpuliza vioo mmoja, mama mmoja anayefuma vitambaa kwa kitanda cha kufumia cha mtindo wa zamani, na mhunzi. Nilidhani ni bahati yetu tu ya kilima kimoja, kumbe wilaya nzima iko hivyo, unakuta bango la studio kwenye kona ambayo hata mtandao wa simu haufiki.

Kwanini wako wengi hivyo porini? Nimeuliza sana, na jibu kubwa ni shule. Kuna shule inaitwa Penland, iko juu ya kilima, wilaya ya Mitchell. Mwaka 1920 alikuja mwalimu mmoja, Lucy Morgan, akakuta akina mama wa milimani ufundi wa kufuma unakaribia kupotea na hela taslimu hawana. Mwaka 1923 akaenda Berea College kule Kentucky kujifunza kufuma, akarudi, akagawa vitanda vya kufumia, akina mama wakawa wanafuma nyumbani naye anatafuta soko. Yaani ilianza kama vikundi vya akina mama tunavyovijua sisi, mambo ya sanaa kubwa hayakuwepo. Mwaka 1929 ikawa shule kamili ya kazi za mikono. Mpaka leo watu wanakuja kwa wiki moja, mbili, au kozi ndefu ya wiki nane, wanajifunza udongo, kioo, chuma, mbao, nguo. Na wengine wanapewa nafasi ya kukaa miaka kadhaa wakifanya kazi zao. Wakimaliza hawaondoki. Ananunua nyumba kuukuu ya mkulima kwa bei ya chini, anajenga tanuri nyuma, mwenzake anamfuata. Fanya hivyo miaka sitini uone.

Jibu la pili liko ardhini. Eneo la Spruce Pine wanachimba madini ya feldispa, maika na kwatzi toka zamani. Feldispa ndo inaingia kwenye ule mng'ao wa juu wa vyombo vya udongo. Na kwatzi ya pale ni safi kiasi kwamba inatumika kutengeneza vyungu vya kuyeyushia silikoni ya chip za kompyuta, kwahiyo simu unayosomea hii kuna uwezekano mzuri imepitia kwenye chungu kilichotoka kilima kile. Mzee Harvey Littleton, yule wanaomwita baba wa kioo cha studio Marekani, aliyefanya zile warsha za Toledo mwaka 1962 kuonyesha kwamba fundi mmoja anaweza kuyeyusha kioo kwenye karakana yake bila kiwanda, alihamia Spruce Pine mwaka 1977 akakaa huko mpaka uzeeni. Wapuliza vioo wakamfuata.

Basi nirudi kwa jirani yangu mfinyanzi, mzee wa miaka sabini na kitu, simtaji jina. Ana tanuri la kuni, refu, limepanda na mteremko, na analiwasha mara chache tu kwa mwaka maana kulijaza peke yake ni kazi ya siku kadhaa. Likishawashwa halizimwi usiku na mchana kwa siku tatu na zaidi, watu wanapeana zamu. Mwaka wa kwanza nilipeleka chai na maandazi kwa adabu tu, nikapewa glavu na zamu ya saa nane usiku. Kazi yenyewe ni hivi: unasukuma kuni nyembamba kwenye tundu la pembeni, moto unanguruma, bomba la moshi linatoa ulimi mwekundu, halafu moshi unapungua polepole, ukishaisha unaongeza tena. Ndani wameweka vipande vidogo vya udongo vilivyochongwa kama pembe, vimesimama kwa safu. Unatoa tofali moja, unavaa miwani myeusi, unachungulia. Kile cha kwanza kikipinda kichwa joto limefika hatua fulani, cha pili kikipinda hatua nyingine. Kipima joto cha umeme kipo pale lakini mzee hakitazami sana, anasema kipima joto kinajua joto la sehemu moja, vile vipembe vinajua udongo umepitia nini. Saa kumi alfajiri cha mwisho kilianza kuinama, nikaita kwa sauti mpaka mbwa wakabweka.

Siku nyingine akaniuliza kwenu mnafinyanga? Nikacheka. Kwetu! Mimi nimekulia kwenye vyungu vya Wakisi, vya Ikombe, akina mama wanavileta kwa mtumbwi ziwani Nyasa mpaka mnada wa Jumamosi Matema. Nilikuwa nacho kimoja Charlotte, nikakileta. Jamani mzee yule alikishika kama daktari. Akakigonga kwa kifundo cha kidole akasikiliza, akapitisha vidole ndani ya shingo, akakinyanyua kwenye dirisha kuangalia unene. Akaniuliza gurudumu lao likoje, nikamwambia hakuna gurudumu, ni mikono ya mama na macho yake. Hakuniamini mpaka nilipomtafutia video. Alafu akakiweka mezani, kikabiringika, maana kitako chake ni cha duara, ni cha mafigani si cha mezani. Nikamsokotea taulo kuwa kata nikakikalisha. Wiki iliyofuata alikuwa ametengeneza kata tatu za udongo kwenye tanuri lake, moja kanipa. Na akaniuliza kama namjua Magdalene Odundo. Mkenya, mzaliwa wa Nairobi, anafinyanga kwa mkono bila gurudumu, vyungu vyake viko kwenye makumbusho makubwa duniani. Nilikuwa simjui, nimeishi na vyungu toka utoto na aliyenifundisha jina lake ni mzungu wa Yancey. Tuendelee.

Mambo ya kupangisha sasa. Mwanzoni tulikuwa tunapangisha kwa usiku kwenye app, na sidanganyi hela ilikuwepo, wikendi mbili za Oktoba zinalipa zaidi ya mpangaji wa mwezi mzima. Kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Lakini angalia hesabu kutoka upande wa pili. Wale wasanii walikuja kwa sababu nyumba zilikuwa rahisi. Nyumba zikishakuwa za wageni wa wikendi, kijana aliyemaliza Penland na ana deni la chuo hapati pa kukaa, anaenda kufanya kazi mgahawani mjini, na mgeni anayekuja "kuona wasanii" baada ya miaka kumi atakuta vibanda vya wageni wenzake vimetazamana. Mzee jirani alishasema hayo kwenye kikao cha barabara, kwa upole, mimi nikiwa nimekaa palepale nakunywa bia yake.

Shemeji hakutaka kusikia. Kilichoamua ni kimbunga Helene. Tarehe 27 Septemba 2024 mabaki ya kimbunga kile yalifika milimani, na mvua ilikuwa imeshaanza siku kabla. Kituo cha Busick, hapohapo Yancey, kilipima zaidi ya inchi 30, kama milimita 780 ndani ya siku chache, Dodoma haipati hiyo mwaka mzima. Mto North Toe ukaingia mitaa ya chini ya Spruce Pine, madaraja yakaenda, miteremko ikaporomoka, watu zaidi ya 100 wakafa North Carolina. Migodi ya kwatzi ikasimama na wenye viwanda vya chip dunia nzima wakaanza kuuliza Spruce Pine ndo wapi. Sisi kibanda kilisimama, barabara ndo iliondoka, palikuwa na korongo la kumzamisha mtu kiunoni. Siku za kwanza hakuna simu, tuko Charlotte hatujui nani mzima. Baadaye tukasikia majirani walishajikatia njia wenyewe kwa misumeno, na yule mama mfumaji alikuwa amevunja kufuli letu akaingiza familia moja ambayo karakana yao na nyumba viliondoka na mto. Alimtumia mke wangu meseji mtandao uliporudi, "nimevunja kufuli lenu, nitalilipa". Mke wangu akamjibu dada usilipe chochote.

Ile familia ilikaa mpaka masika. Walipoondoka tayari kuna dada mmoja, mpuliza vioo, anatafuta chumba, na hatukurudi tena kwenye ile app. Tunapangisha kwa miezi, bei inayotosha kodi ya ardhi, bima na mchango wa barabara, basi. Wikendi zetu tunapanga naye mapema, akienda kwao tunakuja sisi. Shemeji bado ananuna kila Oktoba, na sio kwamba hana hoja, paa linahitaji kubadilishwa na hela ya paa haitoki kwenye mapenzi ya sanaa. Mwaka huu tumekubaliana mimi nitabeba sehemu kubwa ya paa. Mke wangu ataisoma hapa kwa mara ya kwanza, samahani mama.

Kwa hiyo wanaotaka kuja, njia ipo. Mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Juni na Novemba, kuna ziara ya studio za bonde lote la mto Toe, unachukua ramani, unazunguka na gari, mafundi wanafungua milango, kuingia ni bure. Lala kwenye hoteli za Burnsville, mchana mje kwetu tunywe chai barazani. Msifuate GPS mkishapita daraja, itawapeleka kwenye shamba la mtu mwenye mbwa wakali, nipigieni mkiwa bado bondeni kabla mtandao haujakatika. Njooni na hela, kikombe cha yule mzee si cha bei ya Kariakoo na msimwombe punguzo, mtanitia aibu. Na mwenye gari la chini sana aliache kwenye kanisa, nitashuka kumchukua.