Kola Iliyogeuzwa

Moshi, Jumapili jioni

Leo nimekwenda ibadani na shati la marehemu baba, lile la bluu ambalo kola yake ilikuwa imelika kwenye mkunjo, hadi nyuzi nyeupe za kitambaa cha ndani zikawa zinachungulia. Ijumaa nililipeleka kwa mzee mmoja anayeshona barazani karibu na Soko Kuu, kwa cherehani ya miguu.

"Shikamoo, mzee. Shati hili linafaa tena?"

"Marahaba, mwanangu." Aliipitisha kola taratibu kati ya vidole viwili. "Upande wa chini bado mzima. Tuigeuze."

Akachukua wembe, akafumua mshono unaoishika kola kwenye mkanda wa shingo, akaikunja nusu kwa nusu na kutia alama ya chaki katikati, kisha akaigeuza na kuirudisha palepale, upande mzima ukiwa juu na uliolika ukiwa chini. Alinitoza shilingi 3,000.

Nilipokuwa nikisubiri walikuja wateja watatu, wote wakiwa na mitumba waliyonunua soko la Memorial: mmoja alitaka suruali ibanwe kiuno, mwingine gauni lifupishwe, wa tatu koti lipunguzwe mabega. Hakuna aliyeleta nguo iliyochanika. Nimelifikiria jambo hilo siku mbili hizi, kwa kuwa fundi ni yuleyule na sindano ni ileile, lakini kupunguza nguo kunahesabiwa kuwa ni kujua kuvaa, na kutia kiraka kunahesabiwa kuwa ni dhiki. Kiraka kinatangaza habari za nyumbani kwa mtu kabla hajafungua kinywa, na hapa kwetu, ambako jirani anakutazama kuanzia viatu, wengi wanaona heri nguo ikae kabatini na tundu lake kuliko kuivaa ikiwa imezibwa. Kanga iliyochakaa inageuzwa nepi, kisha tambara la kudekia, na hakuna anayeona haya, kwa sababu mambo hayo yanaishia ndani.

Sikatai kwamba bei nayo ina sauti. Kwa 3,000 hiyohiyo ningepata shati jingine Memorial siku ambayo belo limeshachaguliwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake makuu hapo jirani Arusha, walikubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya ushuru ya AGOA, yaani sheria yake ya kupokea bidhaa nyingi za Afrika bila ushuru, na ni Rwanda peke yake iliyoshikilia msimamo, ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo mwaka 2018. Mitumba ikabaki, na hesabu ya mteja ikabaki ileile. Vitambaa navyo vimebadilika: shati la pamba nzito linavumilia kufumuliwa na kushonwa upya, ilhali fulana nyembamba inayovutika inaruka mishono kwenye cherehani ya kawaida, na poliesta inayeyuka pasi ikizidi moto. Fundi akikataa nguo ya namna hiyo, simlaumu.

Hata hivyo, bei haitoshi kueleza yote, maana watu walewale wanaonunua shati kwa 3,000 wanalipa kiasi hichohicho, pengine zaidi, kulipunguza. Ninaamini kinachotuzuia zaidi ni aibu, na inaniuma, kwa sababu nimeziona nguo nzuri zikichomwa pamoja na takataka kwa tundu la ukubwa wa punje ya mahindi.

Sare ya shule ndiyo pekee niliyoona ikisamehewa. Mama anaponunua sketi anataka yenye upindo mpana, ili ateremshe kidogo kila mtoto anaporefuka, na ule mstari wa rangi iliyokolea unaobaki pale upindo ulipokuwa hakuna anayeucheka, kwani kila mtoto darasani anao wake.

Jioni hii nimemteremshia mpwa wangu upindo wa sketi yake, maana shule inafunguliwa kesho. Tumeipaka siki na kuipiga pasi. Alama ya mkunjo imelegea, lakini mstari wa rangi umebaki. Ameivaa, akajitazama kwenye kioo mbele na nyuma, kisha akaniomba nimtafutie na kifungo cha sweta.