Kori, soketi na profoma: siku moja ya kuhuisha leseni za seva

Saa 2:00 asubuhi. Mkataba unaisha baada ya miezi mitatu, na profoma ya muuzaji imeshafika ikiwa na idadi zilezile za mwaka jana. Naiweka pembeni. Idadi inatafutwa kwenye mashine zenyewe, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuingia kwenye kila hosti (seva halisi inayobeba VM, yaani mashine pepe) na kuandika amri ya Linux `lscpu`. Mistari inayohitajika ni miwili: `Socket(s)`, yaani idadi ya prosesa, na `Core(s) per socket`, yaani kori (viini vya kuchakata) ndani ya kila moja. Ule wa juu, `CPU(s)`, unahesabu nyuzi (threads) pia, na kori moja kwa kawaida ina mbili. Ukiuchukua huo utalipia kila kori mara mbili. Wala usiiandike ndani ya VM, maana hapo utaona tu kile ambacho hosti imeamua kuipa.

Leo hosti ni 3, kila moja ina prosesa 2 za kori 12. Jumla soketi 6, kori 72.

Saa 3:30. Windows Server, na hapa ndipo asubuhi inapoliwa. Leseni yake ni ya kori: kila prosesa huhesabiwa angalau kori 8, kila seva angalau 16, hata kama ina chache kuliko hizo. Toleo la Standard likifunika kori zote za hosti linakupa VM 2. Ukitaka 2 zaidi, unafunika kori zote upya. Toleo la Datacenter linafunika mara moja, kisha VM hazina kikomo.

Watu wengi huteleza kwenye kuhama kwa VM. Tuna VM 14 za Windows, na klasta (hosti zote tatu zikifanya kazi pamoja) imeruhusiwa kuzihamisha hosti moja ikizimika. Basi kila hosti inahitaji leseni za idadi kubwa kabisa inayoweza kubeba kwa wakati mmoja, kwa sababu leseni haihami pamoja na VM: ukiihamishia seva nyingine, lazima zipite siku 90 kabla ya kuihamisha tena, isipokuwa mashine imekufa. Tukisema hosti yoyote inaweza kubeba zote 14, Standard inakuwa mafungu 7 ya VM 2 × kori 24 × hosti 3, yaani kori 504. Datacenter ni 72. Kwa bei ya orodha, Datacenter ni kama mara 5.8 ya Standard, kwa hiyo VM zikifika 12 kwa hosti moja, hesabu imeshageukia Datacenter.

Simu ya manunuzi inaingia hapo hapo.

“Kaka, mbona mwaka jana zilikuwa 48?”

“Dada, mwaka jana hosti zilikuwa mbili.”

Saa 5:00. CAL. Hizi ni leseni za wanaoingia kwenye seva, na hununuliwa kwa mtumiaji au kwa kifaa. Pale ambapo wafanyakazi 120 wanapokezana zamu kwenye kompyuta 40, nunua za kifaa. CAL za 2019 haziingii kwenye seva ya 2022. Anayetumia dawati la mbali anahitaji CAL nyingine ya RDS juu yake. RDS huruhusu siku 120 za mwanzo bila CAL hiyo, na ndiyo maana mambo huonekana shwari miezi minne ya kwanza halafu asubuhi moja watu wanakataliwa kuingia.

Saa 6:15 mchana. Red Hat. Mashine ni zilezile, ila RHEL (Linux ya Red Hat) haijali kori, inahesabu soketi: usajili mmoja unafunika soketi 2 au VM 2. VM zetu za RHEL ni 9, kwa hiyo usajili 5. Zikiongezeka sana, tunahamia ule wa Virtual Datacenters, mmoja kwa kila hosti ya soketi 2, na kuweka `virt-who` ili ijulikane VM ipi iko hosti ipi. Miongozo ya zamani bado inataja `subscription-manager attach --auto`, ya kuambatisha usajili kwenye mashine. Siku hizi hatua hiyo haina kazi. Ukishasajili, masasisho yanakuja. Ubaya wake ni kwamba mfumo haukukatii hata ukizidisha, hivyo upungufu unauona siku ya ukaguzi.

Saa 8:00. Hesabu haikubaliani: VM 9 za RHEL zinawaka, portal ya Red Hat inaonyesha 8. Sababu karibu kila mara ni nakala. VM ikinakiliwa pamoja na `/etc/pki/consumer`, mbili zinajitambulisha kwa kitambulisho kimoja. Kwenye nakala:

`subscription-manager clean`
`subscription-manager register --org=NAMBA --activationkey=JINA`

Windows ina ugonjwa uleule. KMS, huduma ya ndani inayoamsha leseni za Windows, inataka seva 5 tofauti ndipo ianze kuamsha. Zilizonakiliwa bila sysprep (zana inayofuta kitambulisho cha mashine) huhesabiwa kama moja, na unapata kosa 0xC004F038. Ukiona 0xC004F074, hapo KMS haifikiki: angalia DNS, kisha fayawoli kwenye TCP 1688.

Saa 9:30. Daraja la msaada wa Red Hat. Self-support haina tiketi, kwa hiyo haifai seva ya kazi. Kwa tatizo la uzito wa 1 (zito kabisa), Standard na Premium zote hujibu ndani ya saa 1, lakini ya Standard ni saa 1 ya kazi; mfumo wa benki ukizima Jumamosi usiku, utasubiri. Seva 4 za hifadhidata naziandikia Premium, 5 zilizobaki Standard. Kila seva ya Premium naikagua kwa `cat /proc/sys/kernel/tainted`. Jibu likiwa si 0, mara nyingi kuna moduli ya mtu mwingine kwenye keneli, labda ya antivirusi, na mhandisi wa msaada anaweza kukuomba uiondoe kwanza.

Saa 10:40 jioni. Tarehe zinaingia kwenye jedwali. CentOS 7, Linux ya bure, ilifikia mwisho 30 Juni 2024. Iliyobaki ni moja, inapangiwa `convert2rhel` (zana ya kuigeuza iwe RHEL) na lazima ipate usajili wake, kwa hiyo VM zinakuwa 10 na zile 5 zinatosha kamili. Windows Server 2016 inaisha 12 Januari 2027. Profoma inarudi kwa muuzaji na masahihisho mawili: Datacenter kori 72, RHEL 5, ambapo 2 ni Premium na 3 Standard.