Siku kumi na tisa za kubaki na miaka saba

Binti yangu alizaliwa tarehe 26 Mei 2017, na usiku ule kulikuwa giza. Nalikumbuka giza lenyewe kwa sababu wenzangu wote wa Mwaloni, soko la dagaa pale Kirumba, Mwanza, walikuwa visiwani wakinunua mzigo, mimi nimebaki mjini na tumbo langu, nikihesabu uchungu badala ya kuhesabu magunia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufanya biashara ya dagaa, nieleze kidogo. Dagaa wa ziwa letu la Victoria huvuliwa usiku usio na mwezi. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Dagaa wanaufuata mwanga, wakishajaa chini ya taa wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa zima linakuwa na mwanga, na dagaa hawana haja ya kuikimbilia taa ya mtu. Hapo mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, watu wanalipana madeni, akina mama tunarudi kulala kwetu. Kwa hiyo sisi kalenda yetu ina vipande viwili tu, giza na mbalamwezi. Giza ni kazi. Mbalamwezi ni nyumbani.

Mwaka 2025 tarehe 26 Mei iliangukia Jumatatu, na iliangukia giza totoro. Nilikuwa kisiwani Ukerewe, kwenye mwalo ninaonunulia kwa miaka mingi, yaani pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki. Mpango wangu ulikuwa mzuri: Jumapili nipande meli pale Nansio, jioni niwe Mwanza, Jumatatu mtoto akitoka shule akute keki mezani. Nilikuwa nimeshamwahidi. Jumamosi mchana nikiwa nimeanika mzigo wote, mvua ikaja kutoka upande wa ziwa, ile ya mwisho wa masika ambayo haipigi hodi. Tulikimbia na maturubai, tukafunika vichanja viwili. Dagaa waliokuwa chini kwenye mchanga wakalowa wote.

Dagaa aliyenyeshewa akiwa nusu mkavu hana subira. Usipomgeuza na kumwanika upya anabadilika rangi, anaanza kunuka, na baada ya hapo mnunuzi wako ni mtu wa chakula cha kuku, kwa bei ambayo hairudishi hata nauli. Mtaji ule haukuwa wangu peke yangu, ulikuwa na mkono wa kikundi chetu cha akina mama. Nikabaki. Jumapili meli ikaondoka, nikaisikia honi yake nikiwa nimeinama nageuza dagaa.

Jumatatu jioni nikapanda juu ya jiwe kubwa ambapo mtandao unashika, nikapiga simu nyumbani.

"Mama watoto, amekataa," baba yao akaniambia.

Alikuwa amejitahidi, Mungu ambariki. Alinunua soda, biskuti, keki ndogo ya duka la mtaani na mishumaa minane. Binti akaitoa mishumaa kwenye pakiti, akaihesabu, akairudisha, akaiweka kabatini nyuma ya vikombe vya wageni. Akasema tumsubiri mama. Nikaomba nizungumze naye.

"Hongera mama yangu, umetimiza miaka minane."

"Shikamoo mama. Bado. Nina saba mpaka urudi."

Nilidhani ni maneno ya jioni moja. Haikuwa hivyo. Shuleni mwalimu alipouliza umri, akajibu saba. Kaka yake, ambaye yuko kidato cha pili na anapenda mambo yawe sahihi, akamfuata na kalenda ya ukutani kumwonyesha kwamba tarehe imeshapita. Akamwambia tarehe imepita lakini yeye hajapita. Baba yao akanisimulia huku anacheka, na mimi nikacheka, kisha nikakata simu na kukaa juu ya lile jiwe mpaka nyota zikajaa. Ziwani taa za wavuvi zilikuwa zimeshawashwa, nyingi kama mji mwingine. Mtoto alikuwa hanilaumu. Alikuwa ananishikia nafasi, kama mtu anavyomwekea mwenzake kiti kwenye daladala.

Giza liliendelea, mzigo ukakauka, ukaingia sokoni, nikarudi tena kisiwani, nikarudi tena sokoni. Nilipoingia nyumbani moja kwa moja ilikuwa mwanzoni mwa wiki ya pili ya Juni, shule zimefungwa, Idi ya kuchinja imepita juzi, na mwezi unakaribia kujaa. Tukapanga Jumamosi, tarehe 14.

Swali likawa wapi. Watoto wa shangazi yao wa Dar es Salaam waliwahi kupelekwa kwenye mabembea makubwa kule Kigamboni, yale yanayozunguka hewani na mabwawa yenye mitelezo, na picha zake zilishatazamwa kwenye simu yangu mpaka nikaogopa kioo kitachubuka. Sisi huku hatuna kitu cha namna hiyo. Lakini tuna hifadhi ya taifa nzima ndani ya maji, unaiona ukisimama mjini, na nikagundua kwamba watoto wangu hawajawahi kukanyaga Saanane. Ninalivuka ziwa hili mwezi hadi mwezi, wao wanalitazama kutoka mlimani tu.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Magu tangu Ijumaa. Jumamosi asubuhi tukapanda bajaji mbili mpaka Capri Point. Mimi nilipakata keki, bibi akabeba ndoo ya wali na sato wa kukaanga, na mkoba wangu wa kazini ukaja nao kwa sababu ndani yake kulikuwa na taa ya mtumbwi niliyotumwa nimpelekee fundi mjini. Swichi yake ilikuwa inasumbua.

Pale wanapokatisha tiketi, askari wa hifadhi, kijana mwenye adabu sana, alieleza kwamba watoto chini ya miaka 5 hawalipi, na kuanzia 5 mpaka 15 wanalipa kiingilio cha mtoto. Akamgeukia binti yangu.

"Wewe una miaka mingapi?"

"Saba. Lakini nikirudi nitakuwa na minane."

Yule kijana akamtazama, akaandika, akasema sawa, bei ni ileile.

Boti inachukua dakika chache tu. Tulivaa maboya, bibi akashika mkono wa mjukuu, nikaona nani anamtuliza nani. Nyuma yetu mji ulikuwa unapanda milimani na nyumba zake zilizokaa juu ya mawe, na jiwe la Bismarck limesimama majini kama lilivyosimama maisha yetu yote.

Mtu wa kutuongoza alitueleza habari za kisiwa. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, ambaye kisiwa kilikuwa chake, akilima na kuvua hapo, kabla ya serikali kukichukua na kukifanya bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini. Hifadhi ya taifa imekuwa mwaka 2013, nayo ni ndogo kuliko zote, kilomita za mraba 2.18, na sehemu ya hizo ni maji. Mwanangu wa kiume alipenda hizo tarakimu. Binti alichopenda ni kwamba kisiwa chote kina jina la mvuvi.

Tuliwaona swala, tukawaona pimbi wamejianika kwenye mawe kama mzigo wangu, tukawaona tumbili. Mshindi wa siku hiyo alikuwa mjusi. Kuna mjusi wa kwenye mawe yetu, dume lake lina kichwa na kifua chekundu cha waridi na mwili wa buluu iliyokolea, na jina lake la kitaalamu limebeba jina la mji: Agama mwanzae. Nimemwona maisha yangu yote nikampita. Binti yangu alichuchumaa mbele ya mmoja, naye mjusi akawa anapiga pushapu juu ya jiwe lake, wakatazamana kwa muda mrefu mpaka bibi akauliza kama kuna deni kati yao.

Mchana tukatandika khanga chini ya mti karibu na maji. Nikaifungua keki. Haikuwa kubwa, imeandikwa jina lake kwa rangi ya njano, na herufi ya mwisho ilikuwa imegusana na mfuniko wa boksi. Mishumaa minane ileile ya kutoka kabatini. Nikawasha wa kwanza, upepo ukauzima. Nikawasha wa pili. Baba yao akakinga kwa mikono, kaka mtu akakinga kwa kofia, bibi akainuka na kutandaza khanga yake kama ukuta, na upepo wa ziwa ukapita chini. Kila ukifika wa tatu, wa kwanza umeshazimika. Kiberiti kilibaki na njiti nne. Binti alikuwa amenyamaza, anatazama mishumaa, na mimi najua sura ile. Hakuwa tayari kuwa na miaka minane kwa mishumaa miwili.

Ndipo nikakumbuka mkoba.

Taa ya mtumbwi niliitoa, nikaiweka katikati ya khanga nyuma ya keki. Nikabonyeza, ikagoma. Nikabonyeza tena na kuigonga kidogo ubavuni kama wanavyofanya wenyewe, ikawaka. Mchana ule mwanga wake haukuwa na nguvu, lakini ulikuwa unaonekana, mweupe, na keki ikang'aa upande mmoja.

"Hii ndiyo inayokuita kule?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, hii na wenzake.

Tukaimba. Akavuta pumzi, akapuliza kwa nguvu zake zote, na kaka yake, ambaye kwa wiki tatu alikuwa akimbishia kwa kalenda, akabonyeza swichi pale pale pumzi ilipotoka. Taa ikazimika. Akasema kwa sauti ndogo, "Nane." Nikamkumbatia pamoja na boya alilokuwa amekataa kulivua.

Tulipokuwa tunakula akamgeukia bibi yake.

"Bibi, wewe tarehe yako ni lini?"

Mama mkwe akafuta mikono. Akasema yeye hana tarehe, ana ziwa. Alizaliwa katika mvua zile kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961, nchi inapata uhuru, mvua ambazo wazee waliziita za uhuru. Ziwa likapanda, likaendelea kupanda miaka iliyofuata, mashamba ya kando ya maji yakazama. Mama yake alimwambia kwamba alipomzaa maji yalikuwa shambani, na alipoanza kutembea maji yalikuwa yamefika kwenye mti wa mipaka. Hilo ndilo cheti chake. Kwenye kitambulisho walimwandikia tarehe 1 Julai, karani alichagua mwenyewe.

"Na keki?"

"Keki ya nani, mjukuu wangu? Nakula za kwenu."

Binti akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akamwomba kaka yake amsaidie. Kisha akauliza, "Kwa hiyo wewe umechelewa miaka sitini na tatu?"

Hakuna aliyecheka. Alikuwa ameuliza kwa huruma kabisa, kwa sababu yeye alijua siku kumi na tisa zilivyo ndefu. Akaisogeza taa mbele ya bibi yake, akaniambia niigonge. Ikawaka mara ya kwanza. Tukaimba tena, safari hii sauti zetu zimekauka kidogo, baba watoto akiwa ametazama pembeni kwenye maji. Nimeolewa na mtu huyu miaka kumi na sita, na sijawahi kumwona akimwimbia mama yake. Bibi alipuliza pole pole, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Mjukuu akabonyeza swichi.

Boti ya jioni ikaturudisha. Askari wa asubuhi hakuwepo tena, zamu yake ilikuwa imekwisha, na hilo lilimhuzunisha binti yangu kuliko jambo lolote siku ile. Alikuwa amejiandaa kumpa jibu.

Usiku tulikaa nje. Mwezi ulichelewa, ukachomoza karibu saa tatu na nusu, umepungua kidogo upande mmoja. Kijana wangu alikuwa na daftari. Alitaka kujua kwa nini dada yake alizaliwa giza na miaka minane baadaye tarehe yake ikaangukia giza lilelile. Akapiga hesabu: tangu 26 Mei 2017 mpaka 26 Mei 2025 ni siku 2,922. Mwezi mmoja wa mwandamo ni siku 29 na nusu na kitu. Miezi 99 inatoa kama siku 2,923 na nusu. Karibu sawasawa. Nikakaa na hiyo hesabu. Miaka yote hii naufuata mwezi, na sikujua kwamba ulikuwa umezunguka ukarudi palepale uliponikuta na tumbo.

"Na mwakani?" dada mtu akauliza. Alikuwa amelala mapajani kwa bibi, tulidhani ameshasinzia.

Kaka akaandika. Miezi kumi na miwili ya mwandamo ni siku 354, kwa hiyo mwaka wetu unazidi kwa siku 11, ndiyo maana hata Idi inarudi nyuma kila mwaka. Mwaka huu tarehe yake ilikutana na giza, basi mwakani tarehe hiyohiyo mwezi utakuwa na siku kama kumi.

"Mbalamwezi inaanza," nikasema.

"Mama utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Akanyanyuka, akaingia ndani, tukamsikia anavuta kiti. Asubuhi nilikuta kalenda ya ukutani imeandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu, pale Desemba inapoishia na karatasi inapokwisha: 26 Mei, Jumanne, tisa.

Taa nilimpelekea fundi Jumatatu. Alisema swichi imekufa, akaibadilisha. Ile ya zamani niliiomba, iko kabatini nyuma ya vikombe vya wageni, pamoja na mishumaa minane.