Dakika sita, mita thelathini

Jumamosi iliyopita niliwafanyia watoto 14 kipimo cha kutembea kwa dakika sita katika shule moja ya msingi hapa Morogoro. Unahitaji mita 30 za sakafu tambarare, koni mbili, saa, na mtoto anayetembea huku na huko kwa dakika sita, haraka awezavyo bila kukimbia. Mwisho unahesabu mita.

Hapo kwenye "bila kukimbia" ndipo kazi ilipo. Mvulana wa miaka saba aliifikia koni ya kwanza mbio, maana rafiki zake walikuwa dirishani wakimshangilia. Tukampumzisha, tukafunga dirisha, tukaanza upya. Mwongozo wa mwaka 2002 wa chama cha madaktari wa kifua cha Marekani umepanga hata maneno ya kumwambia anayepimwa kila dakika. Ukimshangilia mmoja na mwingine ukamnyamazia, mita zao hazilinganishiki tena.

Binti wa miaka 11 alimaliza mizunguko tisa kamili ya kwenda na kurudi, na mita 12 juu yake, yaani mita 552. Mapigo ya moyo yalipanda kutoka 84 hadi 131. Ana miguu mirefu, na kimo huchangia sana, ndiyo maana nakipima kabla ya yote.

Wengi huniuliza kwa nini nihangaike na watoto wasioumwa. Kliniki naletewa watoto wenye selimundu na matatizo ya moyo. Mama akiniuliza, "Mita 380 za mwanangu ni nyingi au chache?" nataka nimlinganishe na watoto wa hapa hapa, si wa Ulaya.